Programu Iliyotaka Jina

Wifi yangu Jubilate hajui kukaa. Siku kaka yangu Aliko alipomleta kwetu Ipyana akiwa bibi harusi, alipewa kigoda akae atulie, na kabla wageni hawajamaliza kuimba alikuwa amesimama kwenda kuangalia kama wali umeiva. Ukimpa chai anakunywa nusu, anakiacha kikombe dirishani, jioni unakikuta na nzi ndani. Mama yetu Marta, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mkwe huyu ana siafu kwenye nguo. Alisema kwa kumpenda, lakini alisema.

Biashara huria ilipofunguliwa, watu wa namna yake ndio walioikimbilia. Mimi nilibaki na meza yangu ya mchele mjini Kyela, mchele ule ule, kiti kile kile. Yeye alianza na vitenge vya Malawi, akawa anavuka mto Songwe pale Kasumulu kwenda na kurudi mpaka maofisa wa mpakani wakawa wanamwita Mama Tumaini kama majirani. Akachoka. Akaingia mitumba, akachoka. Akafungua banda la video, vijana wakampigia kelele, akauza televisheni. Halafu akashika kazi ya kurekodi kaseti, na hiyo ilidumu kidogo kwa sababu anapenda muziki kuliko anavyopenda kulala. Kaseti zilipoanza kupitwa na wakati alikwenda Mbeya kujifunza kompyuta. Alirudi na cheti, na kompyuta kuukuu ameipakata ndani ya basi njia nzima, hataki hata kondakta aiguse.

Hiyo ilikuwa mwaka 2003. Alipanga chumba cha mbao nyuma ya meza yangu, kilichokuwa cha fundi baiskeli, chenye mlango mmoja mbele na mwingine wa kutokea uani. Kwa hiyo nilimsikia kutwa nzima: anafungua, anafunga, anasogeza stuli, anatoka kuchungulia mawingu, maana wingu likikaa vibaya Kyela, umeme nao unakaa vibaya. Nilikuwa namwambia, wifi, keti, utatoboa sakafu. Ananijibu akiwa tayari yuko mlango wa pili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu walimletea CD zao, za kwaya, za dansi, za Kongo, za ng'ambo ya mto. Yeye anazitoa nyimbo kwenye CD na kuziweka kwenye kompyuta, baadaye anachoma CD moja iliyobeba nyimbo za CD nyingi. Kuzitoa nyimbo aliita kukamua. Kisha kulikuwa na kuandika majina, na hiyo aliita kubatiza. Alinieleza kwamba nyimbo zikiingia kwenye kompyuta zinakuja hazina majina, zinapangwa kwa namba tu kama wafungwa. Kwenye miji yenye intaneti majina yanakuja yenyewe kwa waya. Waya huo Kyela ulikuwa haujamfikia, basi akawa anabatiza kwa mkono, wimbo mmoja mmoja: jina la wimbo, jina la mwimbaji, mwaka. Redio zenye kioo kidogo mbele zilikuwa zimeanza kuingia, na ukipiga wimbo uliobatizwa, jina linapita pale kwenye kioo. Wako watu waliopenda kulitazama jina kuliko kuusikia wimbo.

Sasa kukamua kunataka programu, na hapo ndipo wifi yangu alipokosa amani. Yakobo, fundi wake wa Mbeya, alimpa programu kadhaa akamwambia achague. Kumwambia Jubilate achague ni kumtafutia ugonjwa. Alianza na ile iliyokuja na kompyuta yenyewe, nzuri kwa sura, haina maswali mengi. Akaitumia, akaisifia mpaka kwa wauza ndizi. Kumbe nyimbo ilizokamua zilikuwa zimefungwa kwa kufuli lisiloonekana, zinaimba kwenye kompyuta yake tu. Mama mmoja wa Ngonga alipeleka CD ile kwenye harusi ya mwanawe, akaiweka kwenye redio mbele ya wageni, kimya. Alirudi kesho yake na dada zake. Sitasema waliyoyasema, ila niliinua mchele wangu nikauweka ndani. Programu ile Jubilate aliipa jina la Mchoyo, akaifuta.

Zikabaki mbili alizozitegemea. Moja aliiita Haraka. Haraka alikamua CD nzima ukiwa bado hujamaliza kusalimiana na mteja, wala hakuuliza kitu. Ukimwachia nafasi ya mwimbaji tupu, anaendelea na kazi na kujiandikia mwenyewe kwa Kiingereza kwamba msanii hajulikani. Ubaya wake ni kwamba CD ikiwa na mikwaruzo alikuwa anairuka, na pale aliporuka panabaki mlio, kama kuku anayedonoa bati. Ya pili ndiyo Mbishi. Mbishi akikuta mkwaruzo anarudi nyuma, anausoma tena, na tena, mpaka aridhike, na wimbo unatoka safi kama siku ulipoimbwa. CD iliyochakaa ingeweza kumchukua asubuhi nzima. Na kabla ya kuanza lazima apewe jina la mwimbaji. Kisanduku cha jina kikiwa kitupu, kitufe cha kuanzia hakibonyezeki, ungemsihi mpaka kesho.

Mwishowe alipata utaratibu: CD mpya kwa Haraka, CD chakavu kwa Mbishi. Nikadhani tumepona.

Hapo ndipo anapoingia baba yetu, Mwalimu Hezroni. Alifundisha kwaya Ipyana tangu mimi sijui kuvaa viatu, na nyimbo alizotunga ndizo watu wanazozikia ndugu zao huku kwetu, toka Ipyana mpaka Ngonga. Mwaka 1998 walichanga, wakaenda Mbeya kurekodi, yeye akiongoza kwa sauti yake na kwaya ikimjibu. Studio ile ilikwisha fungwa, na CD walizogawana zimepotelea kwenye misiba, kila moja na msiba wake. Ilibaki moja, ya baba, nayo ilikuwa imepigwa sana mpaka imechunika. Baba aliifunga kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati.

Shemeji yangu Kenani, anayeishi Karonga kule Malawi na kufanya biashara pande zote mbili, ndiye aliyeitaka. Alisema watu wa kwake ng'ambo wanaulizia nyimbo zile na yeye yuko tayari kuzitoa kwa wingi, na kava zenye picha, mpaka Lilongwe. Baba hakuwa mtu wa kujitapa, lakini siku hiyo nilimwona amevaa koti lake la Pasaka katikati ya juma. Aliniambia, "Eliza mwanangu, waimbaji wenzangu wanakwisha. Nikifa mimi, nani atasema nyimbo hizi zilikuwa za nani?" Akanipa CD nimpelekee mke wa Aliko. Nampelekea mimi, kwa sababu wao wawili hawaonani.

Hili mtu wa kuja huenda asilijue. Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala jina lake halimtoki mdomoni. Siku hizi wako waliolegeza, na wachungaji wamelihubiri jambo hili weee mpaka wamechoka, lakini kwetu mama alilishikilia na Jubilate alilipokea. Baba akija upande wa nyumba yao anakohoa toka mbali, na Jubilate anapotelea migombani. Baba naye hajawahi kumwita kwa jina. Anasema "Mama Tumaini", au "yule wa Aliko". Hata kanisani, Injili ya Mathayo sura ya kwanza, ile ya vizazi, Jubilate haisomi kwa sauti, kwa kuwa jina la mkwe wake limo mle. Mtu asiyejua kukaa hata chai ipoe, katika hili alitulia miaka yote bila kuteleza. Heshima si utumwa, na mimi nilimpenda kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote.

Basi nikampa CD. Kesho yake nikamkuta amekwisha maliza, ameshachoma na ya Kenani ya kujaribia. Nikashangaa. CD imechunika vile, Mbishi amemaliza saa ngapi? Nikamuuliza, akawa anapanga nyaya zilizokuwa zimepangika. "Imekubali tu, wifi," akasema, akatoka uani.

Juma lile lile alifariki mzee Andongwisye wa Katumba Songwe, aliyeimba besi pembeni ya baba miaka nenda rudi. Tukaenda kuzika. Baada ya makaburini watu walikaa kwenye vivuli, wanaume upande wao, sisi wanawake upande wetu karibu na moshi. Kenani alikuwa amekuja na redio yake mpya yenye kioo cha samawati. Akaona ni heshima kumsindikiza marehemu kwa sauti yake mwenyewe, akaweka ile CD.

Kwaya ikaanza, na wanawake wakaanza kulia upya. Halafu akaingia baba, peke yake, pale anapouliza na wenzake wanamjibu. Neno la kwanza likatoka. La pili likatoka kwa ka-ka-ka. La tatu halikutoka kabisa. Nikamtazama baba kwenye benchi, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anasikiliza sauti yake inavyodonolewa.

Kijana mmoja wa ng'ambo, mgeni kabisa, akauliza huyu anayeongoza ni nani. Kenani akainama kwenye kioo, maana yeye hapitwi na maandishi ya Kiingereza, akasoma kwa sauti: "Hapa panasema mwimbaji hajulikani."

Wazee wakacheka, wakidhani ni mzaha. Baba hakucheka. Alisema taratibu, "Sijulikani? Katumba hapa? Kwenye msiba wa Andongwisye?" Akasimama, akamfuata Kenani, akamwomba aizime.

Niliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hasira. Nikageuka kumtafuta Jubilate. Alikuwa amekaa katikati ya wanawake, amejifunika kitenge uso mzima kama inavyompasa akiwa karibu na baba, na chini ya kitenge kile mabega yalikuwa yanatetemeka. Sikumhurumia. Nilisema moyoni, utalia vizuri nikikufikia.

Kabla hatujatawanyika Kenani aliniambia mambo yake wazi. "Shemeji, Jumamosi napanda lori la saa sita. Nikipata nakala safi yenye jina la mzee, nakwenda nayo. Nisipopata, nitaondoka na hii hii na kwenye kava nitaandika kwaya ya Kyela basi. Kava haiwezi kwenda bila jina."

Kesho yake nilifika mjini mapema, sikupanga hata mchele. Nikaingia chumbani kwa Jubilate bila kubisha.

"Haraka haraka haina baraka," nikamwambia. "Umeacha Mbishi, umechukua Haraka, kwa CD ya baba yangu. CD za watu baki unazipa asubuhi nzima, ya baba mkwe wako unaikamua kama mbuzi wa wizi."

Alizunguka meza, akafungua dirisha, akalifunga. Akachukua kikombe cha chai, akakirudisha. Nikamwambia akae, kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake. Akakaa kwenye ncha ya stuli, akashika kipanya, akamfungua Mbishi. Kile kisanduku cha jina la mwimbaji kikatokea, kitupu, na kijistari kinawaka na kuzima ndani yake.

"Inataka jina, wifi," akasema.

"Sasa si uipe."

Akanitazama. Kijistari kikawaka, kikazima. Kweli, nilikuwa mjinga siku ile, kwa sababu ilinichukua muda.

"Hata kuandika?" nikauliza.

"Mama alinifundisha mdomo. Vidole hakunifundisha, kompyuta hakuiona. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Ukiandika si umesema? Halafu likikaa pale kwenye kioo nitalitazama kila wimbo, linanitazama." Alikuwa amesimama tena. "Nilijaribu kuweka nukta. Mbishi akakubali nukta. Nikaona, nimwite mkwe wangu nukta? Nikaweka kwaya, lakini kwaya si yeye, yeye ndiye anayeongoza. Kumpa mtu jina ambalo si lake ni kumtukana. Nikasema afadhali ninyamaze. Haraka anakubali ukinyamaza."

"Na ile mikwaruzo?"

"Niliisikia." Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Nilisema heshima kwanza, sauti watavumilia. Sikujua mashine ikiachiwa kimya itasema hajulikani. Kwangu kutomtaja ndiko kumjua. Ningekuwa simjui si ningeandika tu?"

Hasira yangu yote ikaniishia pale pale. Miaka ile yote amenyamaza kwa heshima, na mashine imekwenda kuutafsiri ukimya wake mbele ya msiba mzima. Nikamwambia basi, jambo dogo, anipishe niandike mimi, mimi jina la baba nalitamka toka tumboni.

"CD hatunayo," akasema. "Ilirudi kwa mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Niliirudisha mwenyewe siku ya pili yake, na baba alikuwa ameifunga tena kwenye kitambaa.

Ijumaa nikaenda Ipyana. Baba alikuwa nyuma ya nyumba kwenye kakao, anapasua matunda yale kwa panga na kuzitoa mbegu. Nikamsalimu, "Mugonile, tata," akaitika bila kuniangalia. Nikasema nimekuja kuchukua CD.

"Haitoki," akasema. "Iache ifie juu ya kabati. Yule wa Aliko amenionyesha kwamba kwake mimi ni mzee yeyote anayepita njiani."

"Tata, hakuandika kwa sababu hawezi kuandika."

"Ana cheti cha Mbeya, na hawezi kuandika?"

"Hawezi kuandika jina lako."

Panga likasimama hewani. Nikamweleza yote, nukta, kwaya, Mbishi na kisanduku chake, na jinsi alivyotafuta programu itakayomruhusu kunyamaza. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyofanya akisikiliza mwanakwaya aliyekosea sauti.

"Hata kwa vidole?" akauliza.

"Hata kwa vidole."

Akapasua kakao nyingine, akazitoa mbegu zote, akapasua nyingine. "Marta alimfundisha vizuri kupita kiasi," akasema mwisho. Kisha akaniambia nisichukue kitu. Ataileta mwenyewe.

Jumamosi mawingu yalishuka toka milima ya Livingstone tangu asubuhi, na taa ya dukani ilikuwa inapepesa. Jubilate alikuwa na hali mbaya kuliko siku zote. Anatoka, anatazama mbingu, anaingia, anagusa swichi, anauliza lori la Kenani linaondoka saa ngapi, na alikuwa ameniuliza sasa hivi. Haraka alikwisha mfuta kwenye kompyuta, hataki kumwona. Kenani mwenyewe alikuja kuchungulia, akanionyesha saa yake, akaenda kula.

Ndipo kikohozi kikasikika upande wa soko. Jubilate akaruka kwenye stuli, akamfungua Mbishi, akaacha kisanduku wazi, akatoka mlango wa uani. Baba akaingia mlango wa mbele. Hawakuonana hata kivuli.

Nilikaa mbele ya kompyuta, nikaitumbukiza CD, nikaweka vidole tayari. Baba akanigusa bega. "Nipishe. Jina langu nimeliandika mwenyewe tangu darasa la kwanza."

Akakaa, akavaa miwani, akaitazama kibodi. Alipiga H kwa kidole kimoja kama anayeua mdudu. Kisha akaanza kuitafuta E. "Hawa waliozipanga herufi hizi walikuwa wamekunywa nini?" Taa ikapepesa. Nilitaka kumwonyesha, akanipiga mkono. Baba masikio yamepungua, kwa hiyo anapotafuta kitu anajisemea kwa sauti ya kanisani, na soko lote lilisikia anavyoitafuta Z. Alipomaliza jina likakaa mle ndani, herufi kubwa tupu, HEZRONI, na kitufe cha kuanzia kikawaka rangi. Nikasogeza mkono kubonyeza.

"Ngoja. Hicho kisanduku cha chini ni cha nini?"

Nikamwambia ni cha maelezo, mtu akitaka kuandika lolote kuhusu nyimbo. Wengi wanakiacha.

Akakitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Nje matone ya kwanza yakaanguka kwenye bati. Nikasema, "Tata, umeme."

Akaanza kuandika. Kwa. Mkono. Wa. Alitafuta herufi moja moja akizitaja, kama barua za mitume zinavyomalizia, na sikuelewa anakwenda wapi. Akaishia hapo, kidole hewani. Halafu akasema kwa sauti ile ile kubwa, "Ju." Akaipata J, akaipata U. "Bi." Akaitafuta B huku na huku. "La. Te. Jubilate."

Nilishtuka mpaka nikashika meza. Tangu harusi ile ya kigoda sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa baba. Ukuta wa uani ni mbao, na mbao zenyewe zimeachana.

"Lakini umeandika wewe, tata," nikamwambia.

"Mimi nimeandika neno langu moja. Kazi yote ni yake." Akainuka, akachukua fimbo. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Mbishi akakubali, CD ikaanza kuvuma ndani ya mashine. Baba akatoka mbele, akakohoa, na badala ya kwenda zake akakaa kwenye gunia langu la mchele chini ya upenu, mgongo kwenye mbao.

Jubilate aliingia kwa nyuma, ameshika upindo wa kitenge mbele ya macho. Alikuja mpaka kwenye kompyuta hivyo hivyo, akapapasa kioo, akabandika kipande cha plasta ya kidonda juu ya kisanduku cha jina. Ndipo akashusha kitenge na kukisoma kisanduku cha chini. Nikataka kumwambia ni nani aliyeandika.

"Nimesikia, wifi," akasema.

Akakaa. Kwenye stuli nzima, si kwenye ncha. Mbishi alifika kwenye ule mkwaruzo, akarudi, akausoma, akarudi tena. Mvua ikawa kubwa, taa ikafifia mpaka nikaona mishipa ndani ya balbu, ikawaka tena. Kenani alikuja, akatukuta, akasoma nyuso zetu, akaenda kumwomba dereva amsubiri. Jubilate hakuinuka kutazama mawingu. Hakugusa nyaya. Alikaa mikono mapajani akiitazama mashine inavyobishana na lile neno la tatu, mpaka ikalipata.

Mbishi alipomaliza wimbo ule, Jubilate aliufungua, pale pale baba anapoingia peke yake. Sauti ikatoka nzima, haina kuku wala bati. Asingeweza kutoka nje akamwambia baba neno lolote, wala kumshukuru, wala kumwomba radhi. Akanyoosha mkono kwenye kitufe cha sauti cha spika, akakizungusha mpaka mwisho wake, na mbao za ukuta zikaanza kutetemeka pale baba alipoegemeza mgongo.